Kope Zilizovimba Hazijachungulia Mtu

Harufu ya kinyesi cha popo ndiyo inayonipokea kila ninapofika shuleni kwa mwanangu. Popo wamejaa juu ya dari la darasa la awali, na jua la mchana likishayachoma mabati, harufu inashuka nzito na kukaa kooni kama dawa ya minyoo. Siku hiyo nilifika mapema kidogo kumchukua Nasra, nikasimama dirishani nikimtafuta kwa macho kati ya watoto waliokaa mkekani. Hakuwa mkekani. Alikuwa amesimama mbele ya darasa, mikono nyuma, kope ya jicho la kulia imevimba kwa chokea, inang'aa kama punje ya kunde iliyolowekwa. Mwalimu alikuwa amemwinamia. "Sema kwa sauti, wenzio wa nyuma hawajasikia." Mwanangu akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti ya kukariri wanayofundishwa: "Nimechungulia watu bafuni. Sirudii tena." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, wala hakikuwa kicheko cha chuki, ni cha mtu anayejichangamsha kabla ya kwenda nyumbani. Kisha akamwonyesha kipande cha gunia kilichotandikwa peke yake kando ya mlango. "Haya, mchunguliaji, kakae kwako."

Niliingia bila kupiga hodi. Nilimwamkia, kwa sababu ni mkubwa kwangu, na bibi yangu hakunilea nimrukie mtu mzima bila shikamoo. Akaitika marahaba huku bado anatabasamu. Nikamuuliza mwanangu amemchungulia nani. "Mama Nasra nawe, si utani tu. Chokea utaitoa wapi kama hukuchungulia?" Nikamkumbusha kwamba nilishamweleza muhula ulipoanza: mtoto ana maradhi ya kope, anatibiwa, na mwenzake hawezi kuyapata kwa kukaa naye mkeka mmoja. "Ulisema," akajibu, "lakini ya hospitali ni ya hospitali, na haya tumeyakuta kwa wazee wetu." Nilikuwa nimelivumilia gunia lile kwa muda, nikijiambia mwalimu ana watoto wengi na mikono miwili, mvumilivu hula mbivu. Hapo ndipo subira ilipokatika. Nililiokota lile gunia nikalitupa nje ya mlango, nikamwambia mbele ya watoto wote kwamba mtu mzima anayemfundisha mtoto kujisingizia hafundishi, anaharibu. Sijivunii sauti niliyoitumia. Ilifika mpaka kwa muuza mihogo ng'ambo ya barabara. Lakini kilichoniumiza kuliko hayo yote kilikuja njiani, tulipokuwa tumeshaupita msikiti na hasira yangu imeanza kupoa. Nasra alinivuta kanga akauliza, "Mama, kwani nilimchungulia nani?"

Mtoto alikuwa ameshaungama, ameshaahidi kutorudia, na sasa ndiyo kwanza anatafuta kosa lenyewe alilifanya wapi. Nilikosa jibu kwa sababu swali hilo nimetembea nalo tangu nikiwa darasa la nne, hapahapa Bagamoyo, msimu mmoja wa kipupwe.

Nyumba ya bibi ilikuwa ndefu, ya udongo na chokaa, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na nyuma yake ua wa makuti uliotukusanya sote: jiko, kisima, bafu, kuku na majivu. Bibi aliishi kwa kupika mafuta ya nazi. Alikuna, akakamua, akalichemsha tui taratibu mpaka maji yote yakaondoka, yakabaki mafuta yanayometa na mashapo ya kahawia tuliyoyagombania sufuriani kwa vidole. Harufu ile, tamu yenye kuungua kidogo, iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya shule, kiasi kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa akilinusa daftari langu kwanza ndipo alisahihishe. Asubuhi za kipupwe, upepo wa kusi ukivuma na vumbi jembamba likiruka, mafuta yaliganda chupani meupe kama nta, na kazi yangu ilikuwa kuzipanga chupa juani kabla wanunuzi hawajaanza kubisha hodi. Mama yangu hakuwepo. Alipoachana na baba aliolewa Vigwaza, kule barabara ya Morogoro, na mume mpya hakumtaka mtoto wa kufikia. Hakusema hanitaki, alisema nyumba ni ndogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo nilikuwa na bibi, na nilikuwa na dada Rehema.

Rehema alikuwa binti wa mjomba wangu. Mama yake alifariki, baba yake akaenda kuanza maisha Ubena, naye akaachwa kwa bibi kama mimi. Tulilala kitanda kimoja cha kamba. Alinisuka, alinifundisha kuogopa mbwa na kutoogopa giza, na asubuhi alinitoa matongo machoni kwa ncha ya kanga iliyolowa maji, maana tangu mdogo nilikuwa naamka kope zimegandana, kingo zake zina magamba madogo kama pumba. Hakuna aliyeyatilia maanani. Walisema ndivyo nilivyoumbwa. Rehema alinifuta akanipuliza usoni, akasema, "Haya, umefunguliwa dukani," nikacheka, siku ikaanza.

Likizo ya Juni ilipofika, Rehema akavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo hawekwi tu kando, anawekwa ndani. Alipelekwa chumba cha mwisho, dirisha likazibwa kwa mkeka, akafunikwa kanga kichwa mpaka miguu, akawa mwali. Mwali hatoki, haonwi na jua, wala hasemi kwa sauti. Anayeingia kwake ni kungwi, yule mwanamke anayemfunda, na wanawake wachache waliokwisha kuchezwa unyago kama yeye. Kungwi wake alikuwa Bi Tatu, jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusifu. Sisi wadogo ambao hatujafikia hatukuruhusiwa hata kukaa karibu na mlango ule. Ya mwali ni siri za wakubwa, na msichana asiyechezwa akiyaona kabla ya wakati wake amewavunjia heshima wanawake wote wa nyumba. Mimi nililielewa hilo, na nililitii. Nilichokuwa sikielewi ni kwamba kitanda kitakuwa kikubwa vile. Nililala ukingoni, upande wangu wa siku zote, kama vile Rehema ametoka kidogo. Asubuhi niliamka kope zimegandana na hakuna wa kunifungua, nikapapasa mpaka kisimani.

Hamu yangu yote ikawa siku ya kumtoa mwali. Siku hiyo hubebwa mabegani, amepambwa, ngoma zinalia, watu wanamtuza, na watoto wa kike wa nyumba hutangulia mbele wamevaa kanga za sare. Bibi alikuwa ameshaninunulia yangu. Niliikunja chini ya mto. Nilikuwa na mpango mmoja tu maishani: nitembee mbele ya dada yangu, ageuze macho anione.

Basi katikati ya siku hizo za kungoja, kope yangu ya kushoto ikavimba. Ilianza kwa kuwasha, nikaisugua. Ikawa nyekundu, nikaisugua zaidi. Ikatoa kichwa cheupe kwenye mzizi wa ukope mmoja. Baada ya hapo ikafuata ya kulia. Bi Tatu alikuwa uani anasaga liwa ya kumpaka mwali, akaniangalia nikipita na maji, akaacha kusaga. "Hebu njoo hapa, Mwanahamisi." Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. "Macho yote mawili. Mtu anachungulia kwa jicho moja, wewe umetumia yote mawili, umetaka kuona vizuri?" Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka. Mimi nikacheka nao, mjinga mimi, nikidhani ni utani wa kawaida wa pwani unaopita kama upepo. Bi Tatu hakuwa anacheka. Alikuwa ameugeukia mlango wa chumba cha mwisho, akiupima urefu wake na urefu wangu.

Kila mtoto wa huku anajua: ukimchungulia mtu anaoga, unaota chokea. Ni mzaha wa kumtania shemeji, ni kitisho cha kuwaweka watoto mbali na bafu, wala si jambo la kuvunja nyumba. Lakini ndani ya nyumba yetu palikuwa na mwali, na panapokuwa na mwali mzaha huo haubaki mzaha. Kufika Alasiri neno lilikuwa limeshavuka ua. Kesho yake watoto niliokuwa nikicheza nao rede walinikatalia nisiushike mpira. Wakanitungia wimbo kutokana na ule msemo wa watu wazima, macho hayana pazia: "Macho hayana pazia, ya Mwana yana jipu." Niliposogea, walijifunika nyuso kwa mikono kana kwamba wao ndio watakaoonwa wakiwa uchi. Bafuni nikatengewa zamu ya mwisho, na mwanamke mmoja alinisimamia nje mpaka nitoke. Sahani yangu ikawekwa pembeni. Nilijifunza msimu ule kwamba upweke si kukosa watu. Ua ulikuwa umejaa watu kuliko wakati wowote, wageni, mapishi, nyimbo za kufunda kila jioni, nami nilikuwa nimekaa nyuma ya banda la kuku, nikiwa nimefumba macho kwa sababu mwanga ulikuwa unachoma.

Bibi alinitetea kwa namna yake, yaani alinitibu. Alinipaka wanja kwa kile kijiti chake cha fedha, kwa sababu wanja hutuliza macho, na kijiti hichohicho kilitoka kwangu kikaenda kumpamba mwali, kikarudi kwa bibi mwenyewe. Macho yakazidi. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akanidondoshea maziwa yake. Yakaganda kwenye kope, nzi wakafuata. Mwingine akasema dawa ni kung'oa ukope wenye jipu. Akanishika kichwa magotini, akapaka kucha zake majivu ili usiteleze, akauvuta. Uvimbe ukapanda mpaka kwenye nyusi. Na kila dawa iliposhindwa haikulaumiwa dawa, nililaumiwa mimi. "Haponi kwa sababu hajasema," Bi Tatu akatoa hukumu. "Aseme, amwombe mwali radhi, mwali ampepee kwa pindo la kanga, yataisha." Nikasema sijachungulia. Nilisema asubuhi, nikasema jioni. Bibi akawa anakoroga mafuta yake tu. Alinipenda, lakini aliwaogopa wanawake wenzake, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa nawaogopa.

Nikabaki na tumaini moja, mama. Alikuwa anakuja kwa ajili ya ngoma. Nilimngojea mbele ya nyumba tangu asubuhi, uso nimeufunika kwa ncha ya kanga, na aliposhuka na mfuko wake wa mahindi nilimkimbilia kabla hajasalimiana na mtu. Alinitazama, akapiga moyo konde, akaniingiza ndani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote. Nilidhani nikimaliza atatoka kule uani awaambie mwanangu hasemi uongo. Alinifuta pua kwa kiganja. "Waombe radhi tu, mwanangu, yaishe. Watu wamejaa, mimi mgeni hapa siku hizi, nitagombana na nani? Sema tu. Neno moja halikutoi damu."

Nikasema. Nilipelekwa mbele ya wanawake wakubwa pale ukumbini, nikapiga magoti, nikasema nimemchungulia mwali, nisameheni. Nilidhani ndiyo basi. Lakini Bi Tatu hakuwa mtu wa kupokea ushahidi nusu. "Umeona nini?" Nikainamia sakafu. "Umechungulia ukaona nini? Au umechungulia ukiwa umefumba macho?" Kicheko. Nilitafuta kitu cha kusema. Sikujua chumbani humo mna nini, sikujua mwali hukaa vipi wala hufundishwa nini. Kwa hiyo nilisema kitu pekee nilichokuwa nakijua siku zile. Nikasema, "Nimemwona dada analia."

Nilimwona bibi akiinamisha kichwa. Bi Tatu akamtazama mama, mama akamtazama bibi. Hakuna aliyeniuliza tena. Kumbe Rehema kweli alikuwa akilia. Alikuwa ameambiwa humo ndani kwamba akishatolewa baba yake atamchukua moja kwa moja kwenda Ubena, akamsaidie mama wa kambo gengeni, na Bagamoyo ndiyo anaiaga. Siri hiyo pale nyumbani walikuwa nayo watatu tu, kungwi, bibi na mwali mwenyewe. Ikawa mimi nimeitoa mbele ya watu. Kuanzia hapo hakuna aliyesema "labda" tena. Nilikuwa nimechungulia, na kinywa changu mwenyewe kilikuwa kimethibitisha. Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Hawasemi msema uongo aliyelazimishwa ni mpenzi wa nani.

Waliniruhusu nipepewe. Rehema alikuwa amefunikwa, nikaona mkono wake tu ukitoka kwenye kanga, umelainishwa kwa liwa, ukashika pindo ukanipepea usoni mara chache bila kunigusa. Kisha wakaniondoa. Siku ya kumtoa sikutangulia mbele. Walisema macho yangu yatatia watu kinyaa. Niliisikiliza ngoma nikiwa nyuma ya banda la kuku. Alipopitishwa uani kuingia ndani kupumzika, kanga ilikuwa imeshafunuliwa, nikauona uso wake. Kope zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, wanja umechuruzika. Hakuna aliyemuuliza yeye alimchungulia nani. Alinitazama mara moja, akageuza uso. Baada ya hapo akaenda Ubena, mama akarudi Vigwaza, na kope zangu zikabaki vilevile. Radhi nilizoomba hazikuzipunguza hata kidogo.

Jicho la kushoto lilipofumba kabisa, bibi akanifunga mgongoni kama mtoto mchanga, mimi mtu mzima wa darasa la nne, akanipeleka kituo cha afya. Nesi alizipindua kope zangu taratibu, akawasha tochi. "Bibi, mtoto huyu kope zake ni chafu." Bibi alikasirika. "Chafu? Mjukuu wangu anaoga asubuhi na jioni." Nesi akacheka kwa adabu. "Si uchafu wa kutooga, bibi yangu. Ni magamba, kama mba ya kichwani. Hapa ukingoni, kwenye mizizi ya kope, pana vitundu vya mafuta. Vikiziba mafuta yanaganda, panavimba, vijidudu vinapata pa kukaa." Bibi akauliza, kama mafuta yakiganda, si yanayeyushwa? "Ndiyo dawa yenyewe hiyo, kitambaa cha moto. Na mnapaka wanja?" Tunapaka, akasema bibi. "Kijiti kimoja wote?" "Nyumba moja, kijiti kimoja," akajibu bibi kwa fahari, maana kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya umoja. Nesi akampa dawa ya kupaka ya mrija kwa ajili ya jipu lile, akapiga marufuku kijiti, kung'oa na kukamua.

Tulianza siku hiyohiyo. Bibi alichemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yanavumilika kwenye kifundo cha mkono, akaloweka kitambaa, akakikamua na kukiweka juu ya kope zangu zilizofumbwa. Kikipoa alikilowesha tena. Mvuke ulikuwa na harufu ya moshi na ya kitambaa cha pamba kilichoanikwa juani. Kisha akaikanda kope kwa kidole kilichooshwa, ya juu kwa kushuka, ya chini kwa kupanda, kuelekea kwenye nywele za kope, akifuta mizizi yake kwa pamba. Uvimbe ulishuka pole pole, mwanga ukaacha kuchoma. Nilipona. Lakini kule uani walisema nimepona kwa sababu niliungama, dua za kungwi huchelewa lakini zinafika. Bibi alisikia, akaendelea kukoroga mafuta. Shule zilipofunguliwa wimbo ulikuwa umetangulia kufika, nami nikakaa dawati la mwisho, peke yangu, mpaka mwaka ukaisha.

Leo mimi ndiye ninayechemsha maji. Nasra amerithi kope zangu, na kwenye kliniki ya macho nilielezwa yaleyale aliyoyasema nesi, na zaidi: kwamba maradhi haya ya kingo za kope huenda na kurudi, hayana dawa ya kunywa mara moja yakasahaulika, dawa yake ni usafi wa kila siku hata jicho linapoonekana zima. Kitambaa cha uvuguvugu asubuhi, kukanda, kufuta mizizi ya kope kwa pamba na maji yenye tone la shampuu ya mtoto. Taulo lake mwenyewe. Kutolisugua jicho, kutolikamua jipu. Dawa ya mrija akiandikiwa, si ya kuazima kwa jirani. Na kama mtoto ataona ukungu, au jicho lenyewe litauma, au uvimbe ukishuka shavuni na homa ikaja, sikai nyumbani nikisubiri. Si elimu kubwa. Nimesoma mpaka kidato cha nne nikaishia hapo, na ninaielewa. Mwalimu amesoma kunizidi. Ndiyo maana nasema hakukosa elimu, alikosa kuona ubaya.

Mama niliwahi kumuuliza kwa nini aliniambia niseme. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Nilitaka yaishe." Nikamwambia hayakuisha. Akasema, "Wewe una moyo wa kuweka vitu." Na baada ya siku ile ya gunia nilimpigia simu Rehema. Huwa tunasalimiana sikukuu hadi sikukuu, kwa heshima, kama watu waliowahi kuwa majirani. Nilimweleza ya Nasra, kisha, kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia, "Dada, mimi sikukuchungulia." Akauliza, "Sasa nani alikwambia nalia?" Nikamwambia hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, nikasema lililokuwa kwangu. Nilisikia lori likipita upande wake, barabara kubwa. "Mwanzoni nilikukasirikia," akasema mwishowe. "Baadaye nikawa najiambia, angalau kuna mtu mmoja aliniona." Tukaishia hapo. Ukuta mmoja wa udongo ulikuwa kati yetu, kila mmoja analia upande wake, na watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wanatafuta tundu nilikochungulia.

Sikutaka Nasra angoje mpaka awe na mtoto ndipo apewe ukweli wake kwa simu. Watu walinishauri niache. Mume wangu alisema mwalimu atamchukia mtoto. Jirani alisema nimpelekee mwalimu samaki, tuongee kama watu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikachukua karatasi, nikaandika, nikapeleka kwa mkono wangu mwenyewe, nikasimama ofisini mpaka ilipopokelewa. Niliandika hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu. Nakala kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

YAH: MALALAMIKO YA MTOTO KULAZIMISHWA KUKIRI KOSA ASILOLITENDA

Mimi ni mzazi wa Nasra, mwanafunzi wa darasa la awali. Mwanangu ana ugonjwa wa kuvimba kope, anatibiwa, na mwalimu wake nilimjulisha. Pamoja na hayo, mwalimu alimtenga na wenzake kwa kumkalisha kwenye gunia kando ya mlango, na akamsimamisha mbele ya darasa akiri kwamba amechungulia watu wakioga. Hakuchungulia. Alikiri kwa sababu aliamrishwa na mtu mzima.

Sipingi mila wala utani. Napinga mtoto kufanywa mwongo ili mzaha upate ushahidi.

Naomba mambo mawili. Mwanangu akae mkekani na wenzake. Na mwalimu asimame mbele ya darasa lilelile, kwa sauti itakayofika nyuma, awaambie watoto kwamba Nasra anaumwa kope na hakumchungulia mtu yeyote. Simtaki aniombe radhi mimi, wala asinifuate nyumbani. Nitakuwa nimesimama dirishani siku hiyo, na sitaondoka mpaka nisikie.

Wako, Mwanahamisi, mama mzazi.